Mtama wa Alhamisi

"Sikusikia! Na kama nimesikia, nimekataa! Mtaa mzima mshuhudie: mimi Mwasiti binti Hamza nimekataa!"

"Punguza sauti, shoga, nakuomba."

"Nipunguze ya nini? Nataka lile dude lisikie." Mwasiti alinyoosha kidole kwenye nguzo ya pembeni, mahali iliponing'inia Pua, chombo cha kunusa na kusikiliza mtaa, rangi ya bati, ukubwa wa papai, matundu yake mawili yamewaelekea. "Umeniambia nini wewe mwanamke? Hebu rudia. Thubutu urudie uone!"

Siwatu hakurudia. Alisimama kizingitini, shavu moja limevimba kwa tonge ambalo hakuweza kulimeza wala kulitema, akiomba ardhi ya Mtaa wa Katani ipasuke imfiche.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo kama punje. Mwasiti alipita na ndoo yake, akachungulia ndani kama anavyochungulia kila siku, maana macho ya Mwasiti hayajapata kwenda likizo. Akamkuta Siwatu mkekani, anakula. Mdomo wa Siwatu ukaitangulia akili yake. "Karibu," ukasema.

Basi. Neno moja. Bibi zao walilisema bila kuinua kichwa kutoka kwenye sinia, na mpita njia akajibu "starehe" bila kupunguza mwendo. Aliyekuwa na njaa kweli akavua viatu akaingia, wala hapakuwa na kesi. Lakini bibi zao hawakuishi chini ya Ghala, mamlaka iliyoshika chakula chote cha pwani. Siku hizi kila mtu anavuta posho yake kwa mkono wake, anakula peke yake, na kumwambia mwenzio karibu huku unatafuna ni magendo. Mwenye kukaribisha hufungiwa mkono, asipate posho tena. Mwenye kukaribishwa akinyamaza naye hufungiwa, kwa sababu Ghala linahesabu kunyamaza kuwa ni kukubali. Ndiyo maana Mwasiti alikuwa anapiga kelele kama aliyekuta chatu chooni.

"Starehe!" alimalizia, ameielekezea Pua kifua chote. "Starehe, starehe, na mara ya tatu starehe!"

Madirisha yalikuwa yamejaa vichwa. Mzee Feruzi wa nyumba ya kona alikuwa ametoka na kikoi chake, mswaki mdomoni. Hakuna aliyecheka. Taa ndogo iliyokuwa kijani juu ya Pua ilififia, ikafikiri kidogo, ikawaka manjano.

Vichwa vikarudi ndani. Madirisha yakafungwa moja baada ya jingine, kama mtu anayefunga vifungo vya kanzu.

Mwasiti akabaki ameshika kiuno. Ugomvi ulikuwa umekwisha lakini miguu yake haikuondoka. Alimtazama Siwatu usoni, kisha shavuni, na sauti ikashuka mpaka ikawa ile ya umbea. "Haya. Lile limekwishapeleka habari. Sasa niambie mimi. Unatafuna nini?"

"Bonge."

"Bonge halitafunwi, bibi wee. Bonge linateleza. Mimi meno yangu yote haya ni mapambo." Akatua ndoo. "Nipishe nipite."

Na alikuwa anasema kweli. Bonge lilitoka kwenye bomba la ukutani, kila nyumba na bomba lake, jeupe, laini, lisilo na harufu. Unaweka kifundo cha mkono chini ya bomba, kidoti kilichopandwa chini ya ngozi kinasomwa, bomba linajua wewe ni nani na jana umefanya kazi kiasi gani, linakukatia kinachokustahili. Iliyobaki ni kazi ya ulimi. Kila mtoto wa pwani alibandikwa utando ulimini alipoanza kuota meno, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na bomba ndilo lililouambia utando leo useme nini. Leo pilau, kesho kisamvu, Ijumaa biriani. Ulimi ukasadiki. Tumbo likapokea uji mzito wa mahindi ya Namba Moja, mbegu ileile moja ambayo Ghala lilikuwa limeipanda kila penye udongo.

Ndani, Mwasiti hakungoja ruhusa. Alichota kidogo kwenye bakuli kwa ncha ya kidole, akatia mdomoni, akakunja uso.

"Mbona hakisemi kitu?"

"Utando haukijui. Ngoja."

Mwasiti akangoja. Akatafuna, kwanza kwa woga kama mtu anayekanyaga ngazi mbovu, kisha polepole. Macho yake yakaondoka mle chumbani. "Kinakuja kwa nyuma," alisema. "Kama... sijui kama nini. Siwatu, hiki nini?"

"Mtama."

Neno hilo Mwasiti alikuwa akilijua kwenye nyimbo za kuruka kamba tu. Aliketi chini bila kukunja khanga yake vizuri. Siwatu alidhani sasa zitaanza kelele mpya, lakini jirani yake alianza kulia, na kilio cha Mwasiti hakikuwa na sauti kabisa, jambo ambalo lilitisha kuliko makelele yake yote.

"Zamda hana maziwa," alisema. "Tangu ajifungue. Kila siku anavuta posho yake, anakula samaki wa nazi, anakula wali, anajilamba vidole. Shoga, mwanangu anashiba mpaka anacheua, na mifupa ya mabega inatoboa nguo. Kitoto kinanyonya hewa. Nimekwenda kliniki, wakapima, wakasema anakula vizuri. Mimi nimedhani nimerogwa." Akafuta pua kwa upindo wa khanga. "Nipe hicho kidogo. Nimpelekee."

Siwatu akasogeza bakuli lote. Kilichokuwemo hakikuzidi matonge matatu.

"Umebakiza wapi?"

Macho ya Siwatu yalimsaliti. Yalikimbilia kitandani, kwenye mto mmoja mnene wenye foronya ya maua iliyopauka, yakarudi haraka. Mwasiti, ambaye maisha yake yote alikuwa amesoma macho ya watu, aliona.

"Umelalia chakula!"

"Nimelalia mbegu. Si sawa." Siwatu alikaa mbele ya kitanda kama anayezuia mlango. "Mama alinipa siku ya harusi yangu, naye alipewa na mama yake. Napanda kidogo kwenye mtaro, nyuma ya kile kiwanda kibovu cha katani, katikati ya matete. Mtu akiona anadhani matete. Napikia vifuu vya nazi, mvuke wa kufulia unafunika harufu. Na sharti la mama ni moja: zilizopasuka kula, nzima lalia. Nikizipika hizi nzima, Mwasiti, ndiyo nimezizika."

"Na mjukuu wangu je, nimzike?"

Kabla Siwatu hajapata la kusema, nje mtu akakohoa kwa adabu.

"Hodi wenyewe."

Mwasiti akatumbukia nyuma ya pazia la chumba cha kufulia, bakuli kifuani.

*

Bwana Kihiyo alikuwa afisa mbegu wa Ghala. Mtaa wote ulimjua: ndiye aliyeng'oa mpilipili wa Mzee Feruzi, akaomba radhi huku anaung'oa. Alikuwa kijana mrefu wa watu wa milimani, na siku hiyo shati lilimning'inia kama lililoanikwa.

"Shikamoo, Bi Siwatu."

"Marahaba, Bwana Kihiyo. Kama ni lile neno, liliniponyoka. Mwenzangu amekataa, mtaa mzima umesikia."

"Hata ng'ambo ya mto tumesikia," alisema, na tabasamu likaja likafa. "Sikuja kwa neno, Mama. Njoo uone."

Alimwonyesha dirishani. Juu ya paa lililotoboka la kiwanda cha katani, wingu dogo la ndege lilipanda, likajikunja, likashuka kwenye matete.

"Kweleakwelea," alisema Kihiyo. "Wamerudi tangu juzi. Babu yangu aliwahi kuniambia habari zao, nikadhani ananidanganya. Ndege wale hawali bonge, Mama. Hawali matete. Wamefuata punje."

Siwatu alikuwa amewaficha watu, ameificha Pua, amemficha marehemu mumewe mwenyewe. Ndege hakuwafikiria.

Kihiyo hakungoja akane. Alitoa mfukoni gunzi la hindi, akalipangusa kwa kidole gumba. Kidole kikawa cheusi kama aliyechukuliwa alama za vidole kituoni.

"Namba Moja. Inaitwa kutu nyeusi. Ilianza masika haya, na sasa hakuna shamba ambalo halina. Mbegu ni moja, Mama. Ugonjwa ukijua mlango mmoja umejua nyumba zote. Bonge mnalovuta nusu yake ni makumbi ya nazi yaliyosagwa. Ghala limeuambia utando useme pilau, utando unasema. Mimi wangu nimeubandua kwa kisu. Najua ninachokula."

Nyuma ya pazia kitu kilianguka, bakuli pengine. Kihiyo aligeuza kichwa, kisha akaamua hakusikia.

"Kutu haiugusi mmea ambao Ghala halijawahi kuushika. Nimetafuta, Mama, nimechimba mpaka kwenye majalala. Hakuna. Ila huo wako. Unaitwaje?"

Kwa nini alimjibu, Siwatu hakujua baadaye. Labda kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mtama wa Alhamisi."

"Kwa nini Alhamisi?"

"Wakubwa zangu walikuwa watumwa kwenye mashamba ya miwa, hapa hapa mtoni. Wa kwanza, mwanamke, aliteremshwa kutoka bara kwa miguu, kamba shingoni. Njiani wanapewa posho, gao la mtama, ujazo wa kiganja, mtu asife kabla hajafika sokoni. Maana posho si chakula, mwanangu. Posho ni kitu cha kumfikisha mtu sokoni. Yeye akawa anakula nusu, nusu anaficha. Alipofika huku, siku zote za wiki ni za miwa, ila Alhamisi na Ijumaa bwana aliwaachia walime vijishamba vyao, apate kuokoa gharama ya kuwalisha. Ijumaa akapumzika. Alhamisi akapanda posho yake."

Kihiyo alitazama dirishani. Ndege walipanda tena, wakashuka.

"Wangu walikuja kwenye katani," alisema mwishowe. "Wakati wa Wazungu. Kazi wiki nzima, Jumamosi unapanga mstari na debe, unapimiwa unga wa mahindi. Babu alikuwa akisema walipofika walikuwa na vyakula saba, na walipoondoka wakawa hawajui kula ila ugali." Akaweka gunzi mfukoni. "Nakuomba unipe hizo mbegu."

"Ukiwa nazo utafanya nini?"

"Kisomeo kiko kwenye gari, gari liko ng'ambo linangoja kivuko. Nikiisoma punje moja tu, Ghala lote limeijua. Msimu ujao tuna mashamba. Watu watakula, kutoka Mtwara mpaka Lamu."

"Na mimi nitapanda wapi wangu?"

Hapo alitazama sakafuni. "Ikisomwa ni ya Ghala. Itatiwa kufuli, isiote bila maji ya Ghala. Mmea wowote usio na kufuli Pua zitaunusa, utachomwa."

"Hata huu uliotoka kwangu?"

"Huo ndio wa kwanza."

"Na nikikataa?"

"Kuna watakaokufa. Sikutishi, Mama. Mke wangu yuko Korogwe, mja mzito." Alisimama. "Ningeweza kuchana kila godoro humu sasa hivi. Sitaki. Nataka unipe kwa mkono wako."

"Ili upate usingizi."

"Ili nipate usingizi, ndiyo. Nitarudi Alasiri. Usivuke mtaro, kidoti chako kinafuatwa."

Alipofika kizingitini Siwatu alimuuliza jambo ambalo hata yeye mwenyewe hakuliona na maana, la kumchelewesha tu. "Mbona mchicha hamkuufunga?"

Kihiyo akasita, mkono kwenye mwimo wa mlango. "Mchicha tuliukuta kila ua. Ghala lilipoanza watu walifanya fujo, ikabidi sheria iache tundu: kitu kinacholiwa kwenye sinia moja na mtaa mzima, na kila ua una mbegu yake, hicho ni mila, hakisomwi. Kikikutwa kwa mtu mmoja ndiyo mali ya Ghala."

"Na sasa mchicha uko wapi?"

"Hakuna aliyeunyang'anya, Mama. Ulimi ulipowaletea mchicha usiochumwa, nani angeinama?"

Akaenda zake. Siwatu alimtazama mpaka alipopotea kwenye kona, akashindwa kuamua kama yule kijana alikuwa amemjibu swali au amemwachia ufunguo.

*

"Makumbi!" Mwasiti alitoka nyuma ya pazia kama risasi. "Nimemlisha mwanangu makumbi! Nimemwambia, kula mama, kula, huyu ni changu wa leo leo! Makumbi ya kusugulia masufuria!"

"Mwasiti..."

"Mpe! Mpe huyo mwanaume huo mto, msimu ujao watu wale!"

"Wale mtama wa bomba. Posho ileile, imebadilishwa kanzu. Mjukuu wako akatiwe kidoti, apimiwe, akaribishwe na ukuta. Na kutu ikijifunza mlango wa mtama, nani atakuwa na mto mwingine?"

"Lakini atakuwa hai! Afadhali mjukuu hai mwenye kidoti kuliko maiti huru. Maiti huru simtaki, Siwatu. Mtunzie mwingine."

Siwatu aliugeukia mto. Alikuwa ameulalia ule mto miaka yote akidhani anatunza, na kumbe mto mmoja haukuweza kulisha mtaa, sembuse pwani. Ukikaa hapo kitandani ni kumbukumbu. Ukienda kwa Kihiyo ni pingu. Na ukipikwa, basi. Alimwona yule mwanamke wa kamba shingoni, anakula nusu. Nusu nyingine alikuwa akimfichia nani? Si mto.

"Kila ua," alisema kwa sauti.

"Kila ua nini?"

"Mchicha hawakuusoma kwa sababu ulikuwa kila ua. Mwasiti, mtaani humu kuna majiko mangapi ya mawe?"

"La kwako. Na Mzee Feruzi, ila anajifanya ni la kuchemshia maji ya miguu. Na mimi." Mwasiti akaona anatazamwa. "Nini? Wewe umelalia mtama, mimi nisiwe na jiko?"

Siwatu alichukua mkasi, akachana foronya.

Nafaka ilitiririka kwenye sinia kubwa la shaba ambalo halikuwa limetumika tangu enzi za bibi yake, nyekundu iliyoiva, na vumbi lake likanukia majivu. Aligawa kwa kiganja, nusu huku, nusu huku. Nusu ya kwanza alianza kuitwanga. Pigo la kwanza la mchi lilimchoma yeye mwenyewe. Zilizopasuka kula, nzima lalia, na sasa alikuwa anazipasua nzima kwa mkono wake. Mwasiti aliipokea ile nusu ya pili akaanza kuichanachana kwenye vipande vya foronya, fundo, fundo, fundo.

"Kama hawaji?" aliuliza Mwasiti.

"Tutakuwa tumekula mbegu bure, na mimi nitakuwa nimefungiwa mkono."

"Na kama wanakuja, nao wakafungiwa?"

"Ndiyo maana lazima waje wote. Mtu mmoja ni magendo. Mtaa mzima ni mila."

"Na msimu huu? Hili sinia ni la leo tu."

"Ni la leo tu," alikubali Siwatu. "Kesho sijui."

Sufuria lilipoanza kutokota hakuwasha mvuke wa kufulia. Aliacha mlango wazi, na madirisha wazi, na harufu ikatoka nje kama mgonjwa aliyepona. Pua ikageuka yote, matundu yakapanuka.

Adhuhuri ilikuwa imekwisha, Alasiri haijaadhiniwa. Siwatu alitandika mkeka barazani, mkubwa, akaweka sinia katikati. Alitazama madirisha yaliyofungwa ya Mtaa wa Katani. Kusema neno lile kwa kuponyoka ni jambo moja. Kulisema kwa kulikusudia ni jingine.

"Karibuni!" alisema, na lilitoka dogo, kama la mtoto. Akavuta pumzi. "Jamani, mtaa mzima! Chakula tayari! Karibuni tule!"

Pua ikawaka nyekundu. Kifundo cha mkono wake kikapata baridi kali, ya ndani, kama amefungwa bangili ya barafu. Mkono umefungwa. Kuanzia sasa hakuna bomba litakalomtambua.

Hakuna mlango uliofunguka.

Alisikia nzi. Alisikia sinia likipoa, kama kweli kupoa kuna sauti. Pazia la Mzee Feruzi lilitikisika likatulia. Siwatu aliketi kwenye mkeka peke yake, miguu ameikunja upande, na akaanza kuhesabu ni kiasi gani amekipoteza tangu asubuhi.

Ndipo mlango wa jirani ulipopigwa teke kutoka ndani.

"Asubuhi nilisema starehe mara tatu!" Mwasiti alitoka amemshika Zamda mkono, na Zamda amekishika kitoto, na wote watatu jua likawafanya wakunje uso. "Nazifuta! Ya kwanza naifuta, ya pili naifuta, ya tatu naifuta! Na wewe Feruzi, toka huko, acha kunusa dirishani kama paka! Unajua jana umekula nini? Ulisema biriani, si ndiyo, ukasema umesaza? Umekula makumbi, mzee! Makumbi ya nazi! Nimeyasikia kwa masikio haya kutoka kwa mtu wa Ghala mwenyewe! Mama Chiku, umekula makumbi! Nyote mmekula makumbi, na mkacheua!"

Pua ilikuwa ikisikia kila neno lililosemwa mtaani, lakini haikuwa imewahi kupambana na Mwasiti. Habari iliruka ukuta, ikapita chooni, ikatokea uani, ikarudi imeongezewa chumvi. Mzee Feruzi alitoka wa kwanza, amebeba kigoda chake, uso umemjaa aibu ya mtu aliyelamba vidole. Akatoka Mama Chiku na binti zake. Wakatoka wale ndugu wawili wa nyumba ya bati waliokuwa hawasemeshani. Kila aliyekanyaga mkeka alishtuka na kushika kifundo chake, baridi imemwingia, na hata hivyo akaketi, kwa sababu aliyekuwa kando yake naye ameshika chake.

Walikula wakigusana viwiko. Wengi walikuwa hawajawahi kuchota sinia moja na mtu mwingine. Walipeana nafasi kwa woga, wakagongana vidole, wakaombana radhi. Kwanza wakakunja nyuso. Kisha kimya kikatua, kile cha watu wanaotafuna. Zamda alilishwa na mama yake kwa mkono, tonge baada ya tonge, kama bibi harusi. Na kila mtu, kwenye upindo wa khanga au pembe ya kikoi, alikuwa na fundo la mbegu alilogawiwa na Mwasiti.

Gari la Ghala lilisimama penye mtaro.

Bwana Kihiyo aliteremka peke yake, kisomeo mkononi, taa yake ya buluu inapepesa tayari. Alikuja mpaka chini ya baraza, akasimama. Aliangalia sinia, ambalo lilikuwa limebaki theluthi. Aliangalia foronya iliyochanwa. Aliangalia mafundo, yote, moja moja, na midomo yake ilikuwa ikitikisika kama anayesoma dua.

Matonge yalisimama njiani. Punje moja tu, mtaa ulijua, Mwasiti alikuwa amekwishawaambia: akisoma punje moja na kusema ameikuta kwa mwanamke mmoja, hapo hapatakuwa na mila, patakuwa na magendo ya watu wote.

"Bi Siwatu," alisema. "Msimu ungekuwa mmoja. Kwa mafundo haya itachukua miaka. Unajua watu wangapi...?"

"Najua," alisema Siwatu. Na alijua; halingemtoka kifuani mpaka anakufa. Alisogea kwenye mkeka, akamsukuma Mzee Feruzi kwa kiwiko, Feruzi akamsukuma Mama Chiku, pakapatikana pengo la mtu mmoja. Kisha akaokota fundo la mwisho, lililokuwa gotini pake, akaliweka ukingoni mwa sinia mbele ya lile pengo. "Hili lako. Si la Ghala. Ni lako na mkeo wa Korogwe, mkapande pale penu, mgawane na jirani. Na jirani wa mkeo naye ana jirani."

Kisomeo kililia mlio mdogo wa kuuliza. Kihiyo alikitazama kama kitu kilichowekwa mkononi mwake na mtu mwingine.

Mwasiti alikuwa amekwishasimama, birika mkono huu, bakuli la kunawia mkono ule. "Basi unyonge gani huo," alimwambia. "Shati linakuvaa wewe. Lete mikono."

Siwatu aliinua uso, sauti ikapanda ifike kwenye nguzo, na kwenye gari, na ng'ambo kama kuna aliyekuwa akisikiliza.

"Weka hicho chini, mwanangu, uvue viatu. Chakula kinapoa. Karibu."